Bastola ya Kale Iliyorithiwa: Namna ya Kuitambua, Kuithamini na Kuishughulikia Kisheria

Familia zinapokusanya mali za wazee waliotangulia mbele ya haki, wakati mwingine hukuta ndani ya sanduku, kabati au dari ya nyumba bastola ya kale ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Kwa baadhi ya warithi huo ni ukumbusho wa babu aliyepigana vita vya dunia. Kwa wengine ni mali inayoweza kuuzwa kwa fedha nyingi. Kwa mujibu wa sheria, hata hivyo, bastola hiyo kwanza ni silaha, na kila hatua anayoichukua mrithi tangu siku ya kuikuta inaweza kumlinda au kumwingiza hatiani.

Makala hii inaeleza mambo matatu kwa mpangilio unaopaswa kufuatwa. La kwanza ni usalama na wajibu wa kisheria, la pili ni utambuzi wa bastola yenyewe, na la tatu ni namna thamani yake inavyopatikana. Mrithi anayeanza na swali la bei kabla ya kumaliza la kwanza hujiweka katika hatari isiyo ya lazima.

Saa za kwanza baada ya kuikuta

Kanuni ya msingi ni kuichukulia kila bastola kuwa imejazwa risasi au baruti hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo. Umri wa silaha si kinga. Baruti nyeusi iliyotumika katika silaha za kushindilia mdomoni haiozi kama chakula; ikikaa mahali pakavu hubaki na uwezo wa kulipuka kwa miongo mingi. Watunzaji wa makumbusho katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta silaha za karne zilizopita zikiwa bado zimeshindiliwa. Risasi za zamani nazo huwa hatari zaidi kadiri muda unavyopita, kwa kuwa kemikali zilizomo hubadilika na chuma chake huliwa na kutu.

Kwa sababu hiyo, aliyeikuta bastola hapaswi kuvuta nyundo yake, kubonyeza kifyatulio, kuchungulia ndani ya mtutu wala kujaribu kuifungua. Aiache ilipo, aondoe watoto na watu wengine katika chumba hicho, afunge mlango na atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa namba ya dharura 112. Ni salama zaidi askari kuifuata silaha nyumbani kuliko mwananchi kuibeba ndani ya daladala au bodaboda. Mtu anayekutwa njiani na bastola isiyo na kibali hulazimika kueleza mambo ambayo angeyaeleza kwa urahisi zaidi kama angepiga simu kwanza.

Iwapo mazingira yanaruhusu, mrithi aandike tarehe na mahali silaha ilipokutwa pamoja na majina ya waliokuwepo. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji anaweza kuwa shahidi muhimu. Polisi wanapoichukua silaha, mrithi aombe stakabadhi ya maandishi yenye maelezo ya silaha hiyo na namba zake. Karatasi hiyo ndiyo uthibitisho wa nia njema, na baadaye hutumika katika shauri la mirathi.

Kibali hakirithiwi

Umiliki wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Msingi wake ni kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha ya moto bila leseni. Leseni hutolewa kwa mtu baada ya yeye mwenyewe kuchunguzwa, hivyo haihamii kwa mtoto, mjane au ndugu pindi mwenye nayo anapofariki. Hata kama marehemu aliimiliki bastola kihalali kwa miaka arobaini, mrithi anayeendelea kukaa nayo bila kutoa taarifa anamiliki silaha isiyo na leseni.

Kosa hilo si dogo. Kumiliki silaha kinyume cha sheria ni miongoni mwa makosa yanayoangukia katika Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga, ambayo mashauri yake yana taratibu nzito kuliko makosa ya kawaida. Mrithi asiye na nia yoyote ya uhalifu anaweza kujikuta mahakamani kwa sababu tu alichelewa kutoa taarifa akisubiri kikao cha ukoo kiamue nani aichukue.

Wapo wanaoamini kwamba bastola ikishakuwa ya kale sana huacha kuhesabiwa kuwa silaha. Imani hiyo ina chanzo chake. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inaziachia nchi uhuru wa kutafsiri silaha ya kale katika sheria zao, kwa sharti kwamba silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 isiingizwe katika kundi hilo. Baadhi ya nchi za Ulaya na Marekani zimetumia nafasi hiyo kulegeza masharti kwa silaha za zamani. Mwananchi wa Tanzania hapaswi kuhamisha kanuni za nchi nyingine na kuzitumia nyumbani. Gobore, ambalo teknolojia yake ni ya karne zilizopita, huhesabiwa silaha nchini, na wanaokutwa nalo bila kibali hushtakiwa. Uamuzi kwamba bastola fulani ni kumbukumbu tu hutolewa na mamlaka husika.

Vilevile, kutoboa mtutu, kuziba kwa risasi ya kuchomelea au kukata kifyatulio nyumbani hakuibadilishi silaha kuwa pambo mbele ya sheria. Vitendo hivyo huharibu ushahidi, huondoa thamani ya kihistoria na huweza kuzua swali la kwa nini alama za utambulisho zimeguswa.

Bastola katika shauri la mirathi

Bastola iliyoachwa na marehemu ni sehemu ya mali zake na haipaswi kufichwa mahakamani. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama ikiongeza muda, na baadaye taarifa ya mgawanyo kwa Fomu Namba 6. Kwa mirathi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha huwasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu za mirathi ndani ya mwaka mmoja.

Muda huo una uzito wake. Utambuzi wa bastola ya kale unaweza kuchukua wiki au miezi, hivyo msimamizi anayesubiri hadi siku za mwisho hulazimika kuandika thamani ya kubahatisha. Njia sahihi ni kuiorodhesha mapema kwa maelezo yake halisi, kuambatisha stakabadhi ya polisi, na kueleza kuwa thamani yake itawasilishwa baada ya uchunguzi.

Kwa kuwa silaha haiwezi kukatwa vipande kwa idadi ya warithi, mahakama na familia hubaki na njia chache. Mrithi mmoja anaweza kuomba leseni kwa jina lake, akikidhi masharti, na kuwafidia wenzake kwa mujibu wa thamani iliyokubaliwa. Silaha inaweza kuuzwa kwa njia halali kwa mtu au mfanyabiashara mwenye kibali. Inaweza kukabidhiwa makumbusho, au kusalimishwa serikalini. Kila njia kati ya hizo inahitaji jibu la swali lile lile: bastola hii ni nini hasa?

Hatua ya kwanza ya utambuzi: namna inavyowasha baruti

Utambuzi wa bastola yoyote huanza na mtambo wake, na hufanyika silaha ikiwa mikononi mwa mtaalamu baada ya kuthibitishwa kuwa ni tupu. Kwa ujumla, bastola zinazopatikana katika ukanda wa Afrika Mashariki huangukia katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni bastola za gumegume, ambazo nyundo yake hushika kipande cha jiwe gumu. Jiwe likigonga chuma hutoa cheche zinazowasha baruti. Mtambo huu ulitawala Ulaya kuanzia karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Katika pwani ya Afrika Mashariki na Oman zilikuwepo bastola za namna hii zilizopambwa kwa fedha kwenye kitako na mtutu, mara nyingi zikiwa na mtambo uliotoka Ulaya na mapambo yaliyofanywa na mafundi wa Kiarabu au wa Kihindi.

Kundi la pili ni bastola za fataki. Hapa nyundo hugonga kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka. Wazo la kutumia kemikali hizo lilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1807 kwa jina la Alexander Forsyth, na kati ya miaka ya 1820 na 1840 silaha nyingi za gumegume zilibadilishwa kuwa za fataki badala ya kutupwa. Bastola yenye dalili za kubadilishwa mtambo si lazima iwe ya bandia. Huenda ni silaha halisi iliyopitia vipindi viwili.

Kundi la tatu ni bastola za silinda, ambazo hubeba risasi tano au sita katika silinda inayozunguka. Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Kundi la nne ni bastola zinazojijaza zenyewe kwa nguvu ya mlipuko wa risasi iliyotangulia, ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1890.

Tahadhari moja ni muhimu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mtambo wa kizamani haumaanishi lazima kwamba silaha yenyewe ni ya zamani kwa kiasi hicho. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya digrii 20 Kaskazini na 22 Kusini, huku silaha za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu zikiachiwa nafasi kwa masharti. Viwanda vya Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji viliendelea kutengeneza silaha za gumegume kwa ajili ya biashara ya Afrika muda mrefu baada ya Ulaya yenyewe kuziacha. Kwa hiyo silaha ya gumegume iliyokutwa Bagamoyo au Ujiji inaweza kuwa ya mwaka 1780, na inaweza pia kuwa ya mwaka 1885.

Hatua ya pili: kusoma alama

Baada ya mtambo, mtaalamu husoma maandishi na mihuri. Alama hizo ni za aina nne, na kila moja hujibu swali tofauti.

Alama ya mtengenezaji hueleza silaha ilikotoka. Bastola ya Mauser aina ya C96, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1896 hadi miaka ya 1930, hubeba jina la kiwanda cha Oberndorf kando ya mto Neckar nchini Ujerumani. Bastola ya Luger, iliyochukuliwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, mara nyingi huwa na herufi DWM zilizosukwa pamoja juu ya kiungo chake cha mbele. Bastola za silinda za Webley zilitengenezwa Birmingham. Bastola ndogo za Browning za mwaka 1900 zilitengenezwa na kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal, Ubelgiji.

Mihuri ya majaribio hueleza mahali mtutu ulipopimwa nguvu kabla ya kuuzwa. Silaha zilizopimwa Liège huwa na herufi ELG ndani ya umbo la yai. Uingereza ilikuwa na nyumba mbili za majaribio, moja London na nyingine Birmingham, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Kwa kuwa mihuri hii ilibadilishwa kwa nyakati zinazojulikana, mtaalamu huweza kubana tarehe ya silaha hata kama jina la mtengenezaji limefutika.

Alama za umiliki hueleza ni nani aliyeitumia. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Taji lenye herufi za mfalme au malkia husaidia kujua kipindi cha utawala. Namba za vikosi zilizogongwa kwenye kitako au mkanda wa chuma zinaweza kuihusisha silaha na kikosi fulani.

Namba za mfululizo, mwisho, hueleza kama silaha ni kamili. Katika bastola nyingi za Ujerumani, namba au tarakimu zake za mwisho ziligongwa kwenye sehemu kadhaa. Zikilingana zote, silaha ina sehemu zake za awali. Zisipolingana, imewahi kutengenezwa kwa vipuri vya silaha nyingine, na thamani yake kwa wakusanyaji hushuka sana.

Alama nazo zinaweza kudanganya. Neno TOWER pamoja na taji lilitumika kwenye silaha za serikali ya Uingereza, lakini liliigwa kwa wingi kwenye silaha za biashara kwa sababu wanunuzi waliliamini. Aidha, soko la vitu vya kale lina bastola nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii na kuchakazwa kwa makusudi zionekane kuukuu. Dalili zake ni maandishi yasiyosomeka katika lugha yoyote, skrubu za kisasa, matundu ya moto yasiyofika ndani ya mtutu, na kutu iliyoenea kwa usawa mahali ambapo mkono ungepaswa kuisugua.

Hatua ya tatu: kupima simulizi ya familia

Simulizi za wazee ni hazina, lakini hazina budi kupimwa kwa ushahidi wa chuma. Historia ya Tanzania ina nyakati kadhaa ambazo bastola za kigeni zingeweza kuingia mikononi mwa familia. Vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Vita Kuu ya Kwanza ilifika Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, majeshi ya Ubelgiji yakaingia Tabora Septemba 1916, na kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 katika mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Keya kutoka Tanganyika walipigana hadi Burma.

Tuseme familia inasimulia kwamba babu aliiokota bastola katika mapigano ya Tanga mwaka 1914, lakini silaha ina maandishi ya Webley Mark VI. Aina hiyo ilipokelewa rasmi na jeshi la Uingereza Mei 1915, miezi sita baada ya mapigano hayo. Simulizi haiwezi kuwa kweli kama ilivyo. Hilo halimfanyi babu kuwa mwongo. Huenda aliipata baadaye katika vita vile vile, na msimuliaji wa kizazi cha pili akaunganisha matukio mawili. Vivyo hivyo, bastola ya Enfield Namba 2 yenye kipenyo cha inchi 0.38 ilianza kutumika mwaka 1932, hivyo haiwezi kuwa ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa upande mwingine, bastola ya silinda ya Kijerumani ya mwaka 1879 au 1883, yenye kipenyo cha milimita 10.6, ingeweza kuwepo nchini tangu siku za mwanzo za utawala wa Wajerumani.

Ushahidi unaoipa simulizi nguvu ni barua, picha ya marehemu akiwa na sare, kitabu cha utumishi, medali, leseni ya zamani ya silaha au stakabadhi ya kuinunulia. Nyaraka hizo zihifadhiwe pamoja na maelezo ya bastola hata pale silaha yenyewe inapokuwa mikononi mwa polisi.

Thamani hupatikanaje

Wathamini wa silaha za kale hutazama mambo sita: mtengenezaji na aina, uchache wake, hali yake, uhalisi wa sehemu zake, ukamilifu wa vifaa vilivyoambatana nayo kama mfuko wa ngozi au sanduku, na historia ya umiliki inayothibitika. Uzee wenyewe si kigezo cha kutosha. Bastola ya miaka 200 iliyotengenezwa kwa maelfu na kuliwa na kutu inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko ya miaka 100 iliyo adimu na safi.

Uzito wa historia ya umiliki unaonekana katika minada ya kimataifa. Agosti 2021, mnada wa Bonhams mjini Los Angeles uliuza kwa zaidi ya Dola za Marekani milioni 6 bastola ya Colt ambayo Pat Garrett aliitumia kumuua Billy the Kid mwaka 1881. Colt za aina hiyo zilitengenezwa kwa wingi, na kilicholipiwa kilikuwa mnyororo wa nyaraka uliothibitisha kwamba ni ile yenyewe. Julai 2024, bastola mbili za Napoleon ziliuzwa Fontainebleau, Ufaransa, kwa Euro milioni 1.69. Kabla ya mnada huo, Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa ilizitangaza kuwa hazina ya taifa, hatua iliyozuia zisitolewe nje ya nchi. Mifano hiyo miwili ni ya pekee na haipaswi kumpa mrithi matumaini ya bei kama hizo. Inafundisha, hata hivyo, kwamba hati huzaa thamani na kwamba dola ina haki ya kulinda urithi wake hata pale mnunuzi yupo tayari na fedha mkononi.

Msimamizi wa mirathi anapaswa pia kutofautisha aina za thamani. Bei iliyofikiwa mnadani Ulaya si bei ya Dodoma au Mwanza. Soko la ndani ni la watu wenye kibali pekee, na gharama za vibali, usafirishaji na ada za mnada hupunguza kinachobaki. Silaha isiyo na nyaraka halali haina bei ya soko halali kabisa, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuinunua. Kwa lugha nyingine, kutoa taarifa mapema hakupunguzi thamani ya bastola. Ndiko kunakoiwezesha kuwa na thamani ya kuandikwa katika Fomu Namba 5.

Kosa la kawaida linaloharibu thamani ni usafi. Kusugua kwa msasa, kupaka rangi, kuchovya kwenye tindikali au kung'arisha fedha ya mapambo huondoa rangi ya asili ya chuma, mihuri na maandishi madogo ambayo mtaalamu angeyasoma. Kitu kilichoharibiwa kwa kusafishwa hakirejeshwi, ilhali kilichoachwa na vumbi kinaweza kusafishwa baadaye na mhifadhi mwenye ujuzi.

Kosa jingine ni kutangaza silaha kwenye mitandao ya kijamii ili watu wakisie bei. Tangazo hilo huwajulisha wahalifu kuwa nyumba ina silaha, na linaweza kutafsiriwa kuwa ni kuuza silaha bila kibali.

Pale bastola inapokuwa mali ya kale ya taifa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka muhimu: vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo vinaingia katika tafsiri ya mabaki ya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Hapo ndipo tofauti kati ya gumegume la mwaka 1780 na la mwaka 1885 inapoacha kuwa suala la wakusanyaji pekee. La kwanza ni silaha na pia ni urithi unaolindwa, hivyo mrithi huwa na mamlaka mbili za kushauriana nazo.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Idara ya Malikale na Shirika la Makumbusho ya Taifa ndizo taasisi za kuulizwa kuhusu umri na umuhimu wa kitu cha namna hiyo. Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni jijini Dar es Salaam pamoja na Makumbusho ya Majimaji mjini Songea yanahifadhi kumbukumbu za nyakati ambazo silaha hizi zilitumika. Familia inayoamua kukabidhi bastola kwa makumbusho ifanye hivyo kwa maandishi, kupitia polisi, na iambatishe simulizi ya mzee wao pamoja na nakala za nyaraka. Jina la marehemu likibaki kwenye kumbukumbu za makumbusho, vizazi vijavyo vitaweza kuiona silaha hiyo bila yeyote kuhatarishwa nayo.

Wajibu wa kikanda

Udhibiti huu hauihusu Tanzania peke yake. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na majirani zao kuwa na kumbukumbu za silaha zilizo mikononi mwa raia, kuziwekea alama na kuzuia zisivuke mipaka kiholela. Mrithi anayeishi Mombasa, Kampala au Muscat na kuachiwa bastola iliyopo Tanga au Unguja hapaswi kuisafirisha kwenye mizigo yake, hata kama inaonekana haifanyi kazi. Silaha ibaki ilipo hadi mamlaka za nchi zote mbili zitoe vibali.

Muhtasari wa hatua

Kwa wananchi wanaohitaji mwongozo wa haraka, mpangilio ni huu:

1. Usiiguse bastola, ichukulie kuwa imejazwa. Funga chumba na toa taarifa polisi.
2. Omba stakabadhi yenye maelezo na namba za silaha.
3. Iorodheshe katika mali za marehemu ndani ya muda uliowekwa na mahakama.
4. Kusanya nyaraka, picha na simulizi zinazoihusu, na ziandikwe zikiwa na jina la msimuliaji.
5. Omba uchunguzi wa kitaalamu wa mtambo, alama na namba, bila kuisafisha.
6. Iwapo kuna dalili kuwa imetengenezwa kabla ya 1863, wasiliana na mamlaka ya mambo ya kale.
7. Amueni kama familia: leseni mpya, mauzo halali, makumbusho au kusalimisha.

Serikali imekuwa ikitangaza kwa nyakati tofauti vipindi vya msamaha ambapo wananchi wanaosalimisha silaha wanazozimiliki bila kibali hawachukuliwi hatua. Matangazo hayo huwa na tarehe za kuanza na kumalizika pamoja na mahali pa kusalimishia, hivyo wananchi wanashauriwa kuyafuatilia kupitia vyombo rasmi. Hata hivyo, mrithi aliyekuta bastola leo hana sababu ya kusubiri kipindi hicho. Taarifa aliyoitoa kwa hiari siku ile ile, ikiwa na mashahidi na stakabadhi, ndiyo itakayoonyesha kwamba silaha ilikutwa na haikufichwa.